Ufunguo wa Pointi za Chini

Novemba 17

Nimefika Lwindi saa tisa alasiri, mvua ya kwanza ikianza. Ni miaka arobaini na moja na miezi minane tangu niondoke hapa juu ya lori la kokoto, nimekumbatia kuku wawili na godoro. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Leo nimerudi na begi la magurudumu, miwani, na barua ya Kamati ya Jubilei inayomkaribisha "Mwalimu Severina Sanga, mstaafu, mtaalamu wa historia, Iringa". Sanga ni jina la marehemu mume wangu. La baba yangu ni Kalinga. Hawakuuliza, nami sikusema.

Kazi yangu ni kuandika kitabu cha historia ya mji huu, stesheni inapotimiza miaka hamsini mwezi wa tatu. Mwenyekiti aliyetia saini barua ni Jailos Mwasongwe, yule yule aliyesimama mahakamani akasema baba yangu alilewa kazini akaua watu.

Kitabu nitakiandika. Nitakiandika vizuri kuliko wanavyotarajia.

Novemba 18

Mvua kutwa. Nimepewa kota namba kumi na saba. Sisi tulikaa ishirini na mbili. Nimepita kuiona, sasa wanafuga kuku wa mayai.

Novemba 20

Nimemwona. Nilijiandaa kukutana na shetani, nikakutana na mzee wa miaka sabini na mbili mwenye sweta la kijani na meno yote kinywani. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Mwalimu, karibu sana! Huu mji una historia bwana, ila haujawahi kuwa na mwandishi. Sasa Mungu katuletea wewe."

Akaniagizia chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Akauliza kama chumba kinavuja, na niliposema kinavuja akampigia fundi simu palepale. Nilikishika kikombe kwa mikono miwili nisije nikakiachia. Haukuwa woga. Nilikuwa nafikiria jinsi chai ile ilivyokuwa ya moto na jinsi uso wake ulivyokuwa karibu.

Anasimulia vizuri, sitamnyima alama zake. Bonde hili lilikuwa matete na malisho ya Wasafwa. Mwaka 1972 wakaja wapimaji na vigingi vyekundu, kisha mahema, kisha Wachina waliolima kabichi kandokando ya mto kabla hata hawajajenga choo. Ikaja karakana ya injini, kikaja kiwanda cha mataruma ya zege, yale ya kubeba reli, na mwaka 1976 king'ora. "Kile king'ora kikilia, hata Mbalizi watu walikuwa wanarekebisha saa," alisema. Kota zilikuwa na umeme wakati makao ya tarafa yakitumia chemli. Hayo yote ni kweli, nilikuwepo.

Nikauliza, kama mtu asiyejali, "Na ile ajali ya themanini na nne?"

"Ah, ile. Kulikuwa na mlevi mmoja wa pointi. Usiiweke Mwalimu, itatia doa sherehe yetu."

Mlevi mmoja wa pointi. Hata jina hakumpa.

Novemba 21

Niiandike hapa mara moja, nisirudie tena.

Machi 14, 1984, siku ya Jumatano, asubuhi ya ukungu. Baba yangu, Tadeo Kalinga, alikuwa mshika pointi za chini. Pointi ni zile reli zinazosogezwa kwa mkono ili mabehewa yaende njia hii au ile. Zilifungwa kwa kufuli, na ufunguo wake namba nne ulikuwa dhamana ya baba kila alipokuwa zamu. Saa moja na dakika kumi mabehewa ya kokoto yaliteremka, na badala ya kushika njia kuu yakaingia njia ya matengenezo. Watu wanne walikuwa chini ya behewa bovu. Wote wanne walikufa.

Jailos wakati huo alikuwa msaidizi wa stesheni masta. Aliapa kwamba Tadeo alikuwa na ufunguo na alikuwa amekunywa pombe ya komoni. Baba alisema Jailos mwenyewe ndiye aliyemtuma nyumbani kwake akashushe magunia ya viazi kwenye lori lililotoka Uyole, na kumwamuru aache ufunguo mezani. Hakuna hata mmoja aliyemuunga mkono. Akafungwa miaka mitatu. Sisi tulishapewa siku mbili kutoka kwenye kota, hata kesi haijasikilizwa.

Baba alipotoka jela alishona viatu pembeni mwa soko la Mlandege, Iringa, hadi alipofariki mwaka 2003. Baba alikunywa pombe, ndiyo, lakini Jumapili tu baada ya misa. Mpaka anakufa kulikuwa na wateja waliomwita Muuaji wa Lwindi, eti utani, huku wanasubiri soli. Mama ana miaka themanini na moja na bado yuko pale pale Mlandege. Akipita sokoni, wazee wenzake bado wanaonyeshana kwa kidevu.

Novemba 29

Mama kapiga simu.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Kazeeka?"

"Kazeeka vizuri."

"Hilo ndilo linaniuma," akasema.

Desemba 2

Jua. Nimefua.

Desemba 6

Leo nimehudhuria kikao cha wastaafu wa reli. Wanakutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwenye klabu ya zamani, na wana desturi ambayo sijaiona kwingine. Mtu akisimulia jambo lililotokea kazini, akimaliza anauliza, "Nani alikuwepo?" Kila aliyekuwepo lazima asimame na kusema, "Nilikuwepo." Wanapigiwa makofi na jambo linahesabiwa kuwa kweli. Asiposimama mtu, msimuliaji anaitwa mwongo na ananunua soda za wote. Na aliyekuwepo akakaa kimya, jina lake linakatwa. Siku akifa, wenzake wa reli hawabebi jeneza.

"Hapa Lwindi kifo chenyewe hakitishi," alininong'oneza mzee aliyekaa karibu nami. "Kinachotisha ni kuzikwa na ndugu peke yao."

Anaitwa Clement, alikuwa fundi wa injini. Ni mwembamba, ana kofia ya sufu, na anacheka kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe. Nimempenda mara moja. Alinisindikiza chini ya mwavuli wake na kunipa kabichi mbili.

Jambo moja. Walipokuwa wakitaja vitengo vya zamani ili wanipangie watu wa kuwahoji, walitaja karakana, zege, kokoto, ishara, pointi za juu. Hawakutaja pointi za chini. Waliziruka wote kwa pamoja, kama watu wanaokwepa dimbwi wanalolijua.

Desemba 13

Mvua. Mto umepanda hadi kwenye nguzo za daraja la waenda kwa miguu.

Desemba 16

Clement amenitembeza karakana yote. Bati limebaki nusu na mvua inanyeshea mashimo ambamo mafundi walisimama chini ya injini. Alinionyesha mahali pake, shimo la tatu, akalisafisha kwa kiatu kama mtu anayepangusa kaburi. Watu mia tisa walifanya kazi hapa, anasema. Miaka ya tisini yakaanza mafungu ya kupunguzwa kazini. Ukikuta jina lako ubaoni unarudi nyumbani na kikombe chako. Malori yakachukua mizigo barabarani. Kiwanda cha mataruma kikafungwa, king'ora kikauzwa chuma chakavu. Treni sasa ni mara mbili kwa wiki, nayo ikipenda.

Nilimhurumia. Niliuhurumia mji mzima, na huo ni udhaifu ambao sikuja nao. Nimeusahihisha kwa kupita kwenye banda la kuku wakati wa kurudi.

Desemba 25

Jailos alinialika kula Krismasi na familia yake. Nilikwenda. Mkewe amepooza upande mmoja, na yeye ndiye anayemlisha, kijiko kwa kijiko, akimpangusa kidevu na kumwambia habari za majirani. Alifanya hivyo bila kuangalia nani anamwangalia.

Nimerudi nina hasira mpya kabisa. Nilitaka awe mbaya kila mahali. Baba naye alikuwa na mke wa kulishwa na kusimuliwa habari, na mke huyo alilala peke yake miaka mitatu, akiuza vitumbua kwa watu ambao walivila na kumsengenya palepale.

Januari 3

Kikao cha wastaafu. Jailos kasimulia jinsi alivyosimamisha treni ya abiria kabla ya daraja kusombwa mwaka 1989. "Nani alikuwepo?" Wakasimama saba. Makofi. Nimeandika, maana ni kweli, na kitabu changu hakitakuwa na uongo hata mmoja. Uongo ni kazi yake yeye.

Januari 9

Nimemhoji Jailos saa mbili nzima kuhusu taratibu za kazi. Anapenda taratibu. Akaniambia Wachina waliwafundisha kwamba ufunguo hautoki mkono kwenda mkono. Unauweka mezani, mwenzako anauokota, anaandika saa na kutia saini kwenye daftari la funguo.

"Hata ndugu yako wa tumbo moja, Mwalimu, saini! Mimi katika maisha yangu sijawahi kushika kitu cha shirika bila kusaini. Nikifa wataniandikia hivyo."

"Na hayo madaftari yako wapi?"

"Yatakuwa stoo, kama panya wameyasaza. Nani ayatake?"

Nilimpa mkono wa kwaheri. Nilipofika njiani nikaanza kukimbia, mama mzima wa miaka hamsini na sita, kwenye matope.

Januari 12

Stoo imefungwa. Mwenye funguo yuko Mbeya.

Januari 13

Bado yuko Mbeya.

Januari 15

Nimeingia stoo na Clement. Ni chumba nyuma ya ofisi ya tiketi, kina harufu ya mkojo wa panya na wino. Madaftari yamefungwa kwa kamba za katani, mwaka kwa mwaka. Clement alipoona nimenyoosha mkono kwenye fungu la 1984 akasema anakwenda kuvuta hewa, kifua kinambana. Akaniacha.

Ukurasa wa Machi 14 upo, umetobolewa pembeni tu. Ufunguo namba nne. Saa kumi na mbili na nusu umechukuliwa na T. Kalinga, maandishi ya baba, ile K yake yenye mguu mrefu. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane umerudishwa na T. Kalinga. Saa kumi na mbili na dakika arobaini umechukuliwa na J. Mwasongwe. Saa mbili kasoro dakika tano umerudishwa na J. Mwasongwe.

Alisaini! Watu wanne wamelala chini ya mabehewa, yeye amerudi ofisini, ameweka ufunguo mezani, ameandika saa, amesaini. Mkono ulikuwa umezoea. Na mahakamani hakuna aliyeliomba daftari, maana hakimu hakujua kwamba ufunguo una daftari, na waliojua walifunga midomo.

Nilikaa juu ya gunia nikalia kwa sauti. Kisha nikapiga picha kumi na mbili, nikalifunga daftari ndani ya kanga na kulibeba kifuani. Clement alikuwa ukumbini, amenipa mgongo. Hakuuliza nimebeba nini.

Januari 16

Nimemsomea Mama kwenye simu. Akaniambia, "Soma tena ile saa." Nikasoma. "Basi alikuwa kwenye viazi," akasema. Alijua siku zote, lakini leo amesikia maandishi yanajua pia.

Nilimwambia naweza kulipeleka polisi, gazetini, kwa wakili. Akaniuliza hao wote wanamjua nani pale Lwindi. Ni kweli. Baba hakuhukumiwa na wakili wa Dar. Alihukumiwa na watu wanaopeana kabichi.

Januari 28

Mvua ya mawe. Mahindi ya watu yamelala.

Februari 10

Ninaandika kuanzia alfajiri. Matete, vigingi, kabichi za Wachina, king'ora, timu ya mpira iliyowafunga watu wa Makambako, ukurasa kwa ukurasa. Jailos nimemtaja mara ishirini na moja, kila mahali anapostahili. Daraja lake nimempa kurasa mbili.

Ukurasa wa arobaini na moja ni wa Machi 14. Nimeweka kila kitu: lori la viazi, ufunguo, zile saa zote nne kama zilivyoandikwa, majina ya marehemu wanne, jina la baba. Jina moja tu halipo. Nimeandika "msaidizi wa stesheni masta" na kuishia hapo.

Februari 17

Nilimpelekea mwenyekiti rasimu, kama utaratibu unavyotaka. Kama angeifikia ile arobaini na moja, kazi yangu yote ingeishia jikoni kuwashia moto.

Alivaa miwani, akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza, akaanza kutafuta. Sikuelewa anatafuta nini mpaka nilipomwona anatabasamu. Anatafuta jina lake! Akilipata anasoma mistari mitano, anasema "sawasawa kabisa," anaweka tiki, anaendelea kuwinda. Pasipo na jina lake anapekua kama mtu anayehesabu karatasi. Arobaini na moja aliipita huku akiniuliza kama paa bado linavuja.

Mwishoni akaandika "Nimesoma na kuridhia," akasaini, akaweka na tarehe.

"Mimi sina mambo mengi," akasema. "Saini, basi."

Nimetembea mpaka nyumbani nikicheka peke yangu. Mwaka wa 1984 nilidhani sitacheka tena katika mji huu.

Februari 26

Mbeya, kwa mchapaji. Hetal ndiye anayepanga kurasa, binti wa mwenye kiwanda, hana maneno ya ziada. Alisoma arobaini na moja mara mbili.

"Mwalimu, hapa umesahau. Huyu msaidizi hana jina."

"Sijasahau."

"Watu watauliza."

"Wataulizana," nikamwambia. "Na saini ya mwenyekiti iwe ukurasa wa mwisho, kubwa, isomeke."

Aliniangalia juu ya miwani yake, akaenda kuwasha mashine.

Machi 7

Kikao cha mwisho kabla ya sherehe. Nimeomba kwamba siku yenyewe nisome kurasa chache, na baada ya kila tukio niulize swali la desturi. Wamefurahi mno. Jailos ndiye aliyepiga makofi ya kwanza.

Machi 14

Nilikwenda kusimama kwenye pointi za chini. Majani yamefunika reli. Ukungu.

Machi 28

Nitaandika kabla sijalala.

Ukumbi ulijaa, watu wakasimama hadi kwenye matope nje. Mgeni rasmi alitoka mkoani. Wastaafu walikuwa safu mbili za mbele na kofia zao za kazi, Jailos katikati, suti mpya, ua la karatasi kifuani. Nikasoma vigingi vyekundu. "Nani alikuwepo?" Wakasimama wanne, makofi. Nikasoma king'ora. Nusu ya ukumbi ilisimama, vicheko. Nikasoma daraja la 1989. Jailos akasimama na wenzake saba, akapunga mkono.

Ndipo nikafungua arobaini na moja.

Nilisoma polepole, kama nilivyokuwa nikiwasomea watoto imla. Nilipofika kwenye lori la viazi, vicheko viliisha. Nilipofika kwenye saa kumi na mbili na dakika arobaini, nikasikia mvua juu ya bati, maana hakuna kingine kilichosikika. Nikasoma majina ya wale wanne. Nikasoma jina la Tadeo Kalinga, mshika pointi za chini, aliyefungwa miaka mitatu kwa ufunguo ambao hakuwa nao. Nikafunga kitabu.

"Nani alikuwepo?"

Hakusimama mtu. Mgeni rasmi akapiga makofi mawili, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Msaidizi wa stesheni masta wa siku ile. Nani alikuwepo?"

Jailos aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu. Alikaa huko chini muda mrefu. Kiatu chake hakina kamba.

Nilikuwa nimeingoja siku hii tangu juu ya lori. Nilimwangalia kisogo chake na nikafurahi, sitadanganya. Nikauliza mara ya tatu, "Nani alikuwepo?"

Akasimama Clement.

Alivua kofia yake ya kazi. "Nilikuwepo," akasema. "Nilimwona Tadeo kule kwa Jailos, yupo na gunia begani. Mahakamani wakaniuliza, nikasema sikuona kitu. Jailos alikuwa anapanga nani apate kota. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga."

Kabla sijapumua, akasimama mwingine nyuma yake. "Nilikuwepo." Na mwingine. "Nilikuwepo, nilimsaidia kushusha." Mmoja baada ya mwingine, wazee wale ninaokula kabichi zao, wanaoniita Mwalimu, walionipa mwavuli. Kumi na mmoja. Niliwahesabu vidoleni mpaka vidole vikaisha. Nilikuja na mtu mmoja wa kumchukia, nikapewa safu mbili.

Jailos akainua kichwa. Katika safu zile mbili alikuwa peke yake aliyekaa. "Hiki kitabu," akasema kwa sauti ya kukwama, "hiki kitabu si nilikisaini mimi?"

"Ulikisaini, Mzee," nikamjibu kwenye kipaza sauti. "Ukurasa wa mwisho."

Akaondoka kwa mlango wa pembeni bila kusema lile "Nilikuwepo". Hakuna aliyepiga makofi kwa wale kumi na mmoja. Desturi inadai makofi, lakini mikono iliwagomea. Nami nikawaambia mimi ni nani.

Machi 29

Clement kaja asubuhi. Nimemwacha barazani.

"Nilikujua siku ya kwanza," akasema. "Unatembea kama Tadeo, bega moja mbele."

"Ukaninyamazia na mimi."

"Nilitaka ufike kwenye daftari mwenyewe. Mimi ningesema nani angeniamini? Nilishaapa uongo."

"Ungeniambia, mzee Clement. Ningekuamini."

Alikuwa na viazi ndoo moja. Nikamwambia arudi na viazi vyake, leo viazi siviwezi. Naye alielewa, akageuka na ndoo yake akaenda. Yule mzee nilimpenda kweli, ndiyo maana yeye namkasirikia kuliko Jailos. Jailos hakuwahi kunipa mwavuli.

Aprili 3

Wamekuja wote kumi na mmoja, wamekaa kwenye viti vya kuazima, wameniletea jogoo. Wanataka yaishe. Msemaji wao akasema yaliyopita si ndwele. Nikamkatiza: methali hiyo ni ya waliotenda, waliotendwa hawana methali hiyo.

Wakauliza nataka nini. Nikasema sitaki jogoo, sitaki fidia, sitaki samahani yenu mimi. Niko tayari kumaliza kwa jambo moja. Twende Mlandege, kwa mama yangu, kila mtu aseme mbele yake alikuwa wapi asubuhi ile. Na Jailos awepo.

"Jailos hatakubali," wakasema.

"Basi tutaona atazikwa na nani."

Wakatazamana. Hiyo ndiyo lugha yao.

Aprili 9

Mvua inapungua. Clement katuma ujumbe: "Amekubali. Ametaka kujua kama mama yako ni mkali."

Nimejibu: "Ni mpole sana."

Aprili 18

Mlandege. Tumefika mchana kwa basi dogo la kukodi, wazee kumi na wawili waliovaa kama wanaokwenda msibani. Njia nzima Jailos hakuongea na mtu wala mtu hakuongea naye. Amekonda. Nilitafuta huruma ndani yangu nikakuta iko mbali, nikaiacha huko huko.

Mama alikuwa uani, anamenya maharage mabichi. Hakuinuka. "Kamwene," akawasalimu kwa Kihehe, nao wakaitika, wakapewa mikeka na mabenchi. Akaendelea kumenya. Mmoja mmoja wakasimama. Niliogopa atalia, hakulia. Clement alipomaliza, Mama alimtazama akasema, "Mtoto wako yule alipona?" Clement akasema alipona, ni mwalimu Makete. Mama akaitikia kwa kichwa, akachukua ganda lingine.

Mwisho akasimama Jailos. Kofia mkononi, macho chini.

"Shikamoo dada. Mimi ndiye niliyeuchukua ule ufunguo. Nilivuta pointi vibaya kwenye ukungu. Tadeo hakuwa na kosa. Nilidanganya."

Alisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayeongea kanisani. Mama akaweka bakuli chini.

"Sisikii, baba. Ni uzee. Sema tena."

Akarudia, juu kidogo. Mama akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Masikio haya jamani. Ufunguo wa nani?"

Jailos akarudia, sasa kwa sauti ya stesheni. Jirani wa kushoto akachungulia juu ya ukuta wa matofali. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na ndoo wakasimama langoni. Mshona viatu aliyerithi sehemu ya baba, pale kona ya soko, akaacha nyundo yake na kuja kusikiliza.

"Nani hakuwa na kosa?" akauliza Mama.

"Tadeo! Tadeo Kalinga hakuwa na kosa!"

"Nani alidanganya?"

"Mimi! Jailos Mwasongwe!"

Langoni kulikuwa kumejaa watu. Jailos alikuwa anatweta, machozi yanamdondokea kwenye shati, na mzee wa watu aliniangalia mimi nimwokoe. Sikumwokoa. Mama yangu, ambaye anasikia panya akipita darini na kuniambia ni mmoja au wawili, aligeukia lango, akawatazama majirani zake wa miaka arobaini, kisha akamgeukia tena.

"Hawa wa nyuma hawajasikia," akasema. "Anza mwanzo."